Adui wa Picha Yumo Ndani ya Fremu

Ni nadra kuingia katika sebule ya mfanyakazi wa mjini usikute picha ukutani. Aghalabu huwa mbili au tatu, zimetundikwa juu kiasi cha kumfanya mtu ainue macho: babu aliyevaa kanzu na koti, mikono juu ya magoti, anamtazama mpiga picha kana kwamba anangoja kuulizwa swali, maarusi wa mwaka 1974, nyuma yao pazia la studio lililochorwa ngazi na maua, binti aliyevaa joho siku ya kuhitimu. Picha hizo hupanguswa vumbi, huhamishwa kwa uangalifu kuta zinapopakwa rangi, na siku ya msiba mojawapo hushushwa ikabebwa mbele ya jeneza. Pamoja na heshima yote hiyo, nyingi kati yake zinakufa taratibu mbele ya macho ya wenyewe. Zinageuka rangi ya chai, zinaota madoa, zinagandamana na kioo. Watu husema ni uzee. Lakini ukilinganisha picha iliyokaa katika fremu miaka 40 na nakala yake iliyosahauliwa ndani ya bahasha kabatini, mara nyingi utakuta ile ya bahasha ndiyo nzima. Zote mbili zilisafishwa siku moja. Mwanga wa sebuleni una lawama yake, na tutaufikia; lakini sehemu kubwa ya uharibifu imo ndani ya fremu yenyewe.

Ukitaka kuamini, ndugu msomaji, fungua fremu yo yote ya zamani uliyo nayo. Utang'oa kwanza misumari midogo iliyoshika kutu. Chini yake mna hadibodi au plaiwudi. Chini ya hadibodi mna kipande cha kadibodi ya kahawia, pengine bado kina maandishi ya boksi la sabuni lililokatwa. Na juu ya kadibodi hiyo picha imebandikwa kwa gundi ya mbao au ya viatu, au imeshikizwa pembe zake nne kwa selotepu ambayo sasa imekuwa manjano na inanata kama asali. Uso wa picha umegusana na kioo moja kwa moja. Fundi hakuwa mzembe. Aliifanya kazi kama alivyofundishwa: picha inyooke, isicheze, isianguke. Msiba ni kwamba kila alichokitumia kuikaza ndicho kinachoila.

Kadibodi ya kawaida, kama hadibodi, hutokana na mbao zilizosagwa. Ndani ya mbao mna kitu kiitwacho lignini, ambacho ndicho kinachouwezesha mti kusimama wima. Kikikutana na hewa na mwanga hubadilika rangi na kuzaa asidi. Ndiyo maana gazeti lililoachwa dirishani huwa manjano baada ya wiki chache. Picha iliyobandikwa juu ya kadibodi ya namna hiyo huinywa asidi hiyo mchana na usiku, na plaiwudi iliyo nyuma yake huongeza mvuke wake usioonekana. Sasa, picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe imeumbwa kwa chembe ndogo mno za madini ya fedha zilizoshikwa ndani ya utando wa jelatini. Na fedha, kama ajuavyo kila mwenye bangili ya fedha, haipatani na hewa chafu. Kingo za picha huanza kumetameta kama uso wa kioo, weusi wake ukafifia kuwa kahawia, weupe wake ukawa manjano. Baadhi ya gundi za mpira zina salfa, ambayo ni adui mkubwa wa fedha kuliko wote. Selotepu nayo ina tabia yake: plastiki hukauka na kubanduka, lakini ulimbo wake hubaki, ukapenya ndani ya karatasi na kuacha doa ambalo hata mtaalamu hulitoa kwa shida, na mara nyingine halitoki.

Yote haya yangekuwa si neno kama picha ingeweza kusafishwa tena. Zamani studio zilihifadhi negativu za wateja wao, na mtu aliweza kurudi baada ya miaka kadhaa akatoa namba ya risiti yake, akapata nakala mpya. Tangu kamera za dijitali ziliposhika soko mwanzoni mwa karne hii, studio nyingi za filamu zimefunga milango, na masanduku ya negativu yametupwa au kuoza. Kwa familia nyingi, ile picha ya ukutani ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani ya uso wa mtu fulani. Gundi ya shilingi chache inaweza kumwondoa babu mara ya pili.

Kadi za kale

Desturi ya kubandika picha juu ya kadi haikuanza kwa ajili ya urembo. Mwaka 1854 Mfaransa André Disdéri alipewa haki ya uvumbuzi wa kupiga picha ndogo ndogo kadhaa juu ya bamba moja, kila moja ikiwa na ukubwa wa kadi ya kujitambulisha, yaani kiasi cha sentimita 6 kwa 10 pamoja na kadi yake. Picha za nyakati hizo zilisafishwa juu ya karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai, na karatasi hiyo ikikauka hujiviringisha kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Haikuwa na budi kubandikwa juu ya kitu kigumu. Mtindo ukaenea duniani kote katika muda mfupi. Huko Zanzibar, mwishoni mwa karne ya 19, studio ya A. C. Gomes iliuza picha zilizobandikwa juu ya kadi zenye jina la studio, na hadi leo jina hilo ndilo linalowawezesha watafiti kujua picha fulani ilitoka mikononi mwa nani na katika mji gani.

Kwa hiyo mwenye kubahatika kuwa na picha ya namna hiyo, aliyoachiwa na bibi yake, asijaribu kuibandua. Asiikate kadi ili iingie katika fremu ndogo. Kadi ile ni sehemu ya picha, kama vile jalada lilivyo sehemu ya daftari la ukoo, na maandishi ya nyuma, hata yakiwa ya mwandiko mbaya, yana thamani pengine kuliko sura iliyo mbele.

Baadaye karatasi za picha zikawa nene. Mwaka 1930, Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio huko huko Zanzibar, karatasi ya jelatini iliyo nzito ilikuwa kitu cha kawaida madukani, nayo iliweza kukaa bila kubandikwa. Sababu ya kwanza ya gundi ilikuwa imekwisha. Desturi ikabaki peke yake, kama zinavyobaki desturi nyingi.

Waliozichukua picha kuwa sanaa ndio waliolichunguza jambo hili kwa makini zaidi. Alfred Stieglitz alipofungua ukumbi wake mdogo katika jiji la New York mwaka 1905, watu wengi bado waliamini kwamba picha ni kazi ya mashine, na haistahili kutundikwa palipotundikwa michoro. Kadi na fremu zikawa hoja katika ubishi huo. Wapo waliozipandisha picha zao juu ya karatasi za rangi mbalimbali, moja juu ya nyingine, kila moja ikichungulia kidogo kwenye ukingo wa iliyo juu yake, F. Holland Day wa Boston alisifika kwa ufundi huo. Ni kazi za kupendeza, lakini mtazamaji wa leo hujikuta anazihesabu karatasi badala ya kumtazama mtu aliye ndani ya picha. Mtindo ulioshinda hatimaye ni ule ulio rahisi: kadi nyeupe au ya rangi ya maziwa, pana, tulivu, iliyokatwa dirisha katikati.

Hata hivyo gundi haikuondoka. Mwaka 1955 Edward Steichen, mzaliwa wa Luxembourg, alitayarisha katika jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York maonyesho yaliyopewa jina la "Familia ya Binadamu". Zilikuwamo picha 503 kutoka nchi 68: harusi, uzazi, kazi, michezo, maziko. Picha hizo, nyingine kubwa kama mlango, zilibandikwa juu ya mbao na kutundikwa bila kioo, ili mtazamaji asione kizuizi baina yake na wale waliomo. Nakala zake zilizungushwa katika mabara yote na kutazamwa na zaidi ya watu milioni 9. Kwa makusudi yake Steichen alifanya sawa. Maonyesho ya kupakiwa melini na kushushwa, kufungwa na kufunguliwa, hayawezi kusafiri na vioo mia tano. Lakini gharama ililipwa baadaye. Mkusanyo uliotua katika ngome ya Clervaux, Luxembourg, ulihitaji kutengenezwa na wataalamu kabla ya kufunguliwa kwa kudumu mwaka 1994, na ukatengenezwa tena kabla ya mwaka 2013. Picha iliyogandishwa juu ya ubao haiwezi kutenganishwa na maradhi ya ubao huo.

Ansel Adams, mpiga picha mashuhuri wa milima na mabonde ya Marekani aliyefariki mwaka 1984, alizigandisha picha zake kwa njia safi kuliko gundi. Baina ya picha na kadi huwekwa karatasi nyembamba yenye ulimbo unaoyeyuka kwa joto, kisha vyote hubanwa katika mashine inayofanana na pasi kubwa. Picha hutoka imenyooka kama maji ya kisimani. Wako wanaoitetea njia hiyo hadi leo, na hoja yao si ya kupuuzwa: picha hainyanyuki wala kujikunja, na ule ulimbo huzuia baadhi ya uchafu wa kadi usipenye. Kwa picha mpya ambayo unaweza kuisafisha tena kesho, sina ugomvi nao. Lakini wahifadhi wa makumbusho huiogopa, kwa kuwa kadi ikiharibika, ikalowa au ikavunjika pembe, picha haina pa kukimbilia. Kwao sheria kubwa ni moja: lo lote linalofanywa juu ya picha liweze kufanyuliwa. Sheria hiyo, naona, ndiyo inayoifaa nyumba yetu ya kawaida kuliko hata makumbusho, maana makumbusho yana mafundi wa kurekebisha makosa.

Dirisha na kitabu

Fundi wa Kariakoo, au wa mtaani kwako, ana vifaa vya kukatia mbao na jicho zuri la pembe. Mwachie mbao na kioo. Ya ndani yaandae wewe. Mwambie, "Fundi, hii usinibandikie, nitakuletea na kadi yake." Huenda akakuuliza, "Sasa mama, isipobandikwa itakaaje?" Ni swali la haki, na jibu lake ni hili.

Zinatakiwa kadi mbili za ukubwa mmoja. Moja ni ya nyuma, nzima, ambayo picha itaegemea. Ya pili ni ya mbele, iliyokatwa dirisha. Zinaunganishwa kwa ukanda wa kitambaa upande wa juu tu, zikafunguka na kufungwa kama kitabu, picha ikiwa katikati kama ukurasa. Unene wa kadi ya mbele, kiasi cha milimita moja na nusu, ndio unaoitenga picha na kioo. Watu wengi hudhani dirisha lile ni pambo. Kazi yake ya kwanza ni kuipa picha nafasi ya kupumua.

Tuchukue mfano wa picha ya sentimita 20 kwa 25, iliyosimama, yenye ukingo mweupe kama zilivyokuwa nyingi za studio, na fremu ya sentimita 30 kwa 40. Dirisha lifunike nusu sentimita ya picha kila upande, ili liifiche ile sehemu nyeupe na kuizuia picha isichomoke. Basi dirisha litakuwa sentimita 19 kwa 24. Kushoto na kulia patabaki sentimita 5 na nusu. Kwa urefu zinabaki sentimita 16 za kugawa juu na chini. Usizigawe sawasawa. Weka 7 na nusu juu na 8 na nusu chini. Jicho la binadamu huiona kati ya kitu kuwa juu kidogo kuliko ilivyo kwa rula. Picha iliyowekwa katikati hasa huonekana kama imeteleza. Ni tofauti ndogo, na asiyeijua hataitambua, ila ataona tu kwamba picha imekaa vizuri.

Mistari ichorwe kwa penseli nyuma ya kadi, na mkato ufanywe kutoka nyuma. Kisu kiwe cha karatasi, chenye wembe mpya, kiinamishwe nyuzi 45 ili ukingo wa dirisha uwe na mshazari unaoingiza jicho ndani. Rula iwe ya chuma. Ya plastiki hukatwa na kupotoshwa. Weka kadi nyingine chakavu chini ili wembe usiparuze meza, vuta mara moja bila kusita, na jaribu kwanza juu ya vipande vya kutupa, maana pembe za mwanzo huwa hazikutani. Asiye na mkono wa kufanya mshazari akate wima, hakuna atakayemshitaki.

Kuhusu kadi yenyewe, bora ni ile ya nyuzi za pamba, ambazo hazina lignini. Inayofuata ni ya mbao iliyosafishwa lignini na kutiwa kalsiamu, jamii ya chokaa, ili iimeze asidi itakayojitokeza baadaye. Lebo isemayo tu kwamba kadi haina asidi isikuridhishe. Yaweza kuwa kweli siku inapotoka kiwandani na isiwe kweli baada ya miaka mitano, ikiwa lignini imo. Kwa kadi za picha kuna kipimo cha kimataifa, ISO 18916, ambamo kadi hubanwa pamoja na vipande vya majaribio kwa siku 15 katika joto la nyuzi 70 na unyevu mwingi, kisha huangaliwa kama imeviharibu. Kadi iliyofaulu huandikwa hivyo.

Kadi za namna hiyo ni ghali, na si kila duka la vifaa vya ofisi linazo. Lakini wauzao vifaa vya wachoraji huwa na karatasi nzito ya pamba ya rangi za maji. Hiyo yafaa sana. Kwa kuwa ni nyembamba kuliko kadi, kata tabaka tatu za dirisha, ukazishikanisha kwa uji mzito wa wanga wa ngano, uliopakwa kidogo sana na kuachwa ukauke kabisa chini ya vitabu. Na yule ambaye hata hiyo haipati, angalau asiiache picha igusane na hadibodi: atandike karatasi ya alumini ya jikoni juu ya hadibodi, kisha karatasi safi ya pamba juu ya alumini, ndipo picha. Si kazi ya makumbusho, lakini mvuke wa mbao haupiti katika alumini.

Sasa turudi kwa swali la fundi. Picha inakaaje bila gundi? Hukaa katika vifuko vinne vya pembe, kama zilivyokaa picha katika albamu za mama zetu. Kata vipande vidogo vya karatasi ya pamba, vikunje kuwa pembetatu zenye mfuko, vikubwa kiasi cha sentimita moja tu ili visichungulie dirishani. Chomeka pembe za picha ndani yake, kisha vifuko, na vifuko tu, ndivyo vibandikwe kwenye kadi ya nyuma. Acha nafasi ya milimita moja au mbili kila upande, kwa sababu karatasi hunyonya unyevu ikatanuka wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi, ikibanwa hujikunja. Siku ukitaka kuitoa picha, unaitoa kwa vidole viwili.

Picha isiyo na ukingo mweupe, iliyo ya karatasi tupu isiyofunikwa plastiki, yaweza kutundikwa kwa bawaba. Hizi ni vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani, itengenezwayo kwa nyuzi ndefu za magome ya miti, vinavyobandikwa kwa wanga nyuma ya picha kwenye ukingo wa juu tu, nusu kwenye picha na nusu kwenye kadi. Picha huning'inia kama kanga kwenye kamba, chini iko huru. Hapa pana busara moja inayonifurahisha kila niifikiriapo. Bawaba lazima iwe dhaifu kuliko picha. Fremu ikianguka kwa kishindo, kitu kimoja hakina budi kuchanika, na fundi mwema ameamua mapema kiwe kipi. Karatasi zilizofunikwa plastiki, ambazo zilienea tangu miaka ya 1970, hazishiki wanga vizuri. Hizo zibaki na vifuko vya pembe.

Kioo na ukuta

Hewa ya pwani yetu mara nyingi hupita asilimia 70 ya unyevu, kiwango ambacho kuvu huona raha. Jelatini ya picha, ambayo ni jamii ile ile ya gundi ya mifupa, ikipata unyevu hulainika. Ikiwa imegusana na kioo, hulainika juu yake, ikakauka juu yake, na masika matatu au manne baadaye picha na kioo vimekuwa kitu kimoja, na mahali vilipogandamana panaonekana doa linalong'aa kama limelowa. Aliyekwisha kuyaona haya asivute. Narudia, asivute, asiloweke majini, asipitishe kisu. Aitoe fremu, aiache picha na kioo chake pamoja, aipige picha nyingine kupitia kioo kwa mwanga wa pembeni usiomulika moja kwa moja, na aihifadhi hivyo hivyo. Mtaalamu anaweza kuiokoa siku moja. Iliyochanika uso haiokolewi.

Ukuta wa nje, ule unaopigwa na mvua, hauifai picha. Wala ule wa jikoni na wa bafuni. Gundisha vipande viwili vya kizibo au vya mpira nyuma ya pembe za chini za fremu, ili iachane na ukuta na hewa ipite. Pasipo hewa ndipo kuvu huanza, na ndipo mende na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha hupata pa kulala mchana. Hao hula jelatini na wanga kwa hamu kubwa. Mchwa ana habari ya mbao zaidi, lakini hapitii kadi bila kuionja. Nyuma ya fremu pazibwe kwa karatasi iliyobandikwa kandokando, na baada ya kila masika ishushwe itazamwe.

Ama mwanga, picha nyeusi na nyeupe zilizosafishwa vizuri huustahimili. Za rangi haziustahimili. Rangi zake ni dawa za kemikali ambazo huchuja kwa mwanga wo wote, uwe wa jua au wa taa, na zile za miaka ya 1970 hudhoofika hata gizani: rangi ya samawati hutoweka kwanza, ndiyo sababu maarusi wa wakati ule leo wanaonekana kama wamesimama mbele ya moto. Kwa picha za rangi zilizo nakala pekee, ushauri wangu ni mkali kidogo. Zisitundikwe. Zipigwe picha au zipitishwe katika skana kwa ukubwa wa kutosha, nakala ichapwe, nakala hiyo ndiyo iwekwe kwenye kadi na kioo na kupewa heshima ya sebule, na ya asili ilazwe ndani ya bahasha ya karatasi safi, kabatini, mbali na sakafu. Nakala iliyotoka kwenye printa ya wino iachwe wazi siku nzima kabla ya kuwekewa kioo. La sivyo mvuke wa wino utafanya ukungu juu ya kioo kwa ndani, na mwenye nyumba atamlaumu fundi bure.

Limebaki jambo moja la kufanya kabla fundi hajapigilia misumari. Nyuma ya kadi, wala si nyuma ya picha, andika kwa penseli laini majina kamili ya waliomo, mahali na mwaka. Wino hupenya, penseli haipenyi. Usiandike "Baba" wala "Shangazi", kwa kuwa atakayeifungua fremu hiyo huenda ni mjukuu wa mjukuu, na kwake shangazi ni mwingine. Ikiwa ni picha ya kundi, anza na aliyekaa mwanzo kushoto.